Kompyuta haimjui Mickey Mantle

Kila anayeendesha mwigo wa historia ya besiboli kwenye kompyuta huifikia siku hii. Misimu imepita mmoja baada ya mwingine, 1901, 1920, 1950, matokeo yakijiandika kwenye skrini, kisha Januari moja ya mwaka wa kubuni programu inatangaza walioingia Ukumbi wa Umaarufu. Unaisoma orodha, unairudia. Joe Wood yumo. Mickey Mantle hayumo. Mrushaji ambaye katika dunia yetu anakumbukwa na wapenzi wa mambo ya kale tu amepita bila shida, na bingwa wa New York Yankees wa miaka ya 1950 ameondolewa kwenye karatasi ya kura kwa kukosa waungaji mkono.

Hasira ya kwanza huiangukia programu: imeharibika, walioitengeneza hawaujui mchezo. Mimi naamini kinyume chake. Mara nyingi programu haijakosea popote. Imepiga kura bila kujua majina. Sisi tukisoma "Mickey Mantle" tunasoma homurani 536, tuzo tatu za Mchezaji Bora wa ligi, na hadithi zote zilizosimuliwa tangu hapo. Programu inaona mstari wa namba wa kijana aliyeumia goti akiwa na miaka 19. Na goti hilo liliumia kweli, katika fainali za World Series za 1951. Katika dunia yetu Mantle alicheza misimu mingine 17 juu ya maumivu hayo. Katika mwigo, dadu zinaweza kuamua vingine.

Msomaji ambaye besiboli si mchezo wa mtaani kwake asiogope. Aliyecheza raunda katika shule ya msingi Kenya anayo tayari picha ya kutosha. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaugonga kwa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza, na akiupiga ukavuka uzio anazunguka vituo vyote kwa raha zake. Hiyo ndiyo homurani. Jambo la kushika hapa ni kwamba kila tukio ni pambano la watu wawili, na mwisho wake unaandikika: ametolewa, amefika kituo, amepiga homurani. Ndiyo maana daftari za ligi za kulipwa za Marekani zinarudi nyuma hadi 1871, na ndiyo maana besiboli iliigwa mezani kabla kompyuta hazijaingia majumbani. Strat-O-Matic ya Hal Richman ilianza kuuzwa 1961 ikiwa na kadi moja kwa kila mchezaji na dadu za kurusha. Mwaka 1999 Mjerumani Markus Heinsohn alitoa Out of the Park Baseball, programu inayompa mtu mmoja ligi nzima: wachezaji, mikataba, majeruhi, makocha na, mwishoni mwa safari, Ukumbi wa Umaarufu.

Ukumbi wenyewe, ule wa kweli, uko Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York. Kura ya kwanza ilipigwa 1936 na jengo likafunguliwa 1939. Wapiga kura wakuu ni waandishi wa habari wa besiboli waliotimiza miaka kumi katika chama chao. Mchezaji lazima awe amecheza misimu kumi, kisha asubiri miaka mitano baada ya kustaafu. Kila mwandishi ana nafasi kumi tu kwenye karatasi yake. Anayepata asilimia 75 anaingia. Anayeshindwa kufika asilimia 5 anafutwa papo hapo. Aliye kati ya hapo anarudi mwaka unaofuata, hadi miaka kumi. Zamani ilikuwa kumi na mitano, ikapunguzwa 2014. Waliokwama kwa waandishi huweza baadaye kuchukuliwa na kamati ndogo za wakongwe.

Mwigo huzifuata kanuni hizi kwa karibu, na mwenye ligi anaweza kuzigeuza: kizingiti kipande au kishuke, miaka iongezwe au ipunguzwe. Nani apigiwe kura lakini ni matokeo ya maisha ambayo programu imeyatunga, na hapo ndipo pa kuanzia.

Dadu si mkosaji

Watu wengi hudhani mshangao unatokana na bahati ya kila pigo. Programu inarusha dadu zake mara maelfu kwa maelfu, kwa hiyo lolote linaweza kutokea. Tufanye hesabu tuone.

Chukua mpigaji ambaye uwezo wake wa kweli ni kupata mapigo safi matatu katika kila zamu kumi, yaani wastani wa 0.300. Kwa msimu mmoja wa zamu 500, bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha kwa kama pointi 20. Mwaka huu 0.320 anaimbwa, mwaka ujao 0.280 anazomewa, na hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Ndani ya msimu mmoja, basi, bahati ni kubwa. Inaweza kumpa mtu taji la upigaji asilostahili.

Sasa mpe maisha mazima, zamu 10,000. Anatarajiwa kupata mapigo 3,000, na bahati ya dadu kwa kawaida itamsogeza kwa mapigo 46 tu huku au kule. Kati ya elfu tatu, 46 si kitu. Dadu nyingi hufutana zenyewe.

Lakini mnyang'anye mtu huyo moja ya kumi ya muda wake uwanjani: msimu mmoja wa bega, nusu msimu wa mguu, miezi michache kocha alipomweka benchi akiwa kijana. Amepoteza mapigo 300. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya kile ambacho bahati ya gongo ingeweza kumfanyia. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini gwiji wako amekosa Ukumbi, achana na wastani wake wa kupiga. Fungua ukurasa wa majeruhi na uhesabu mechi alizocheza.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kwa sababu linageuza pia namna ninavyoisoma historia yenyewe. Joe Wood wa Boston alikuwa na miaka 22 aliposhinda michezo 34 na kupoteza 5 katika msimu wa 1912. Mwaka uliofuata aliteleza kwenye nyasi zilizolowa akidaka mpira, akavunjika kidole gumba, na mkono wake wa kurushia haukuwa tena ule wa zamani. Alimaliza na ushindi 117, akahamia Cleveland kama mpigaji, na Cooperstown haikumchukua. Herb Score wa Cleveland aliwatoa wapigaji 245 kwa straiki, yaani wao kushindwa kuupiga mpira, katika msimu wake wa kwanza, 1955, na 263 mwaka uliofuata. Tarehe 7 Mei 1957 mpira uliopigwa na Gil McDougald ulimrudia usoni na kumjeruhi jicho. J. R. Richard wa Houston aliwatoa wapigaji zaidi ya 300 kwa straiki katika kila mmoja wa misimu miwili mfululizo, 1978 na 1979, kisha Julai 1980 akapigwa na kiharusi. Vipaji vitatu, na kila kimoja kilikatwa na dakika moja.

Mwigo hauijui dakika hiyo. Nyasi za Boston hazikulowa, mpira wa McDougald ulikwenda kushoto. Joe Wood anarusha hadi miaka 37, anashinda michezo 280, na anapoingia Ukumbi wa Umaarufu sioni kosa lolote hapo. Naona mtu aliyepewa maisha yake. Upande wa pili wa mizani uko vilevile: Nolan Ryan, aliyerusha misimu 27 na mkono wake ukamvumilia hadi miaka arobaini na kitu, katika miigo mingi lazima mkono huo ukatike mapema, kwa sababu mikono ya warushaji ndivyo ilivyo. Ryan wa kweli ndiye ajabu. Ryan aliyeishia benchi akiwa na miaka 29 ndiye wa kawaida.

Namna uwezo unavyotungwa nayo ina uzito wake. Mwenye ligi huchagua kati ya njia mbili kuu. Ya kwanza inamfunga mchezaji kwenye historia: kila mwaka uwezo wake unakokotolewa upya kutokana na takwimu zake halisi za wakati huo. Mrushaji Sandy Koufax atahangaika misimu yake ya mwanzo, atawaka kuanzia 1961, na atatundika glavu baada ya 1966 kama alivyofanya. Ya pili inamchukua kijana anapoanza, kisha inamwacha akue au adumae kwa hesabu za programu yenyewe. Koufax wa njia hii anaweza kuwa mkali akiwa na miaka 21, au asiwe mkali kamwe.

Ukichagua njia ya kwanza usidhani umekwepa maajabu. Bob Hazle wa Milwaukee alipiga 0.403 mwaka 1957, lakini kwa zamu 134 tu. Programu isiyopunguza makali ya sampuli ndogo kama hiyo itamwona kama mmoja wa wapigaji wakubwa wa ligi na kumpa nafasi kila siku. Babe Ruth naye alianza kama mrushaji, akashinda michezo 94 kwa mkono wake kabla dunia haijamjua kwa gongo. Kocha wa kompyuta anayehitaji mrushaji wa kushoto anaweza kumwacha hapohapo kilimani, pale warushaji wanaposimama. Homurani 714 zinayeyuka kwa uamuzi mmoja wa orodha ya timu.

Haba na haba

Wapiga kura wa kompyuta hupewa jumla za maisha na tuzo: mapigo, homurani, ushindi, mataji. Hawakuwahi kukaa uwanjani. Kwao haba na haba hujaza kibaba. Mtu aliyecheza misimu 20 bila kung'aa hata mmoja, akikusanya mapigo 140 kila mwaka, anafika 2,800 na kuonekana mkubwa. Mtu aliyeitikisa ligi misimu sita na kunyamaza anaonekana hajamaliza kazi. Koufax wa kweli ana ushindi 165 tu, na waandishi walimpa asilimia 86.9 mwaka 1972, akiwa na miaka 36, kijana kuliko wote waliowahi kuchaguliwa. Walimchagua kwa kile walichokiona kwa macho. Hesabu ya jumla peke yake isingemwita.

Waandishi nao, tuseme ukweli, wana woga wao wa namba za duara. Bert Blyleven alishinda michezo 287 na kuwatoa wapigaji 3,701 kwa straiki. Kura yake ya kwanza, 1998, ilikuwa asilimia 17.5. Don Sutton mwenye ushindi 324 aliingia mwaka huohuo. Blyleven alisubiri hadi jaribio la kumi na nne, 2011. Ushindi wa mrushaji hutegemea pia kama wenzake wamefunga, na Blyleven alitumia miaka yake mingi kwenye timu zisizofunga sana. Mwigo ukimpeleka kwenye klabu yenye wapigaji wazuri, ushindi 13 unaokosekana kufikia 300 anaupata kwa misimu miwili na anapita mara ya kwanza. Mtu yuleyule, mkono uleule.

Fred McGriff alimaliza na homurani 493. Msimu wa 1994 ulikatwa Agosti 12 na mgomo wa wachezaji, na wakati huo alikuwa ameshapiga 34. Saba zaidi zingemfikisha 500. Waandishi hawakumpa hata asilimia 40 katika miaka yake yote kumi, kisha Desemba 2022 kamati ya watu 16 ikamchagua kwa kauli moja. Katika mwigo ambao haujui migomo, McGriff anapita 500 na hakuna anayeshangaa. Vita navyo ni hivyohivyo. Ted Williams alikosa misimu mitatu mizima, 1943 hadi 1945, na karibu yote ya 1952 na 1953 kwa sababu ya Korea. Mrudishie miaka hiyo na homurani zake 521 zinaanza kuikaribia 714 ya Ruth.

Glavu ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Ozzie Smith wa St. Louis alipiga homurani 28 katika maisha yake yote, kwa wastani wa 0.262. Waandishi walimpa asilimia 91.7 mwaka 2002, kwa sababu hakuna aliyewahi kulinda eneo kati ya kituo cha pili na cha tatu kama yeye. Kompyuta inayosoma homurani na wastani wa kupiga inamwona mtu wa kawaida sana. Bill Mazeroski wa Pittsburgh yuko hali mbaya zaidi: glavu ya ajabu, wastani wa 0.260, na homurani moja tarehe 13 Oktoba 1960, katika mchezo wa saba, iliyowaangusha Yankees na kuumaliza msimu papo hapo. Mwigo unaweza kumtunga Mazeroski mwenye wastani uleule na glavu ileile. Mchezo ule wa saba hauwezi kuutunga kwa makusudi. Nikimkosa kwenye orodha sipingi, ila nahuzunika kidogo.

Zama nazo huwadanganya wapiga kura wa kila aina. Mwaka 1913 Frank Baker aliongoza ligi yake kwa homurani 12, na jina lake la utani lilikuwa Home Run. Mwaka 1930 wachezaji wote wa National League, moja ya ligi mbili kuu, kwa pamoja walikuwa na wastani wa 0.303. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski alitwaa taji la upigaji la American League kwa 0.301, warushaji walikuwa wameushika mchezo kiasi kwamba mwaka uliofuata kilima chao kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Wastani wa 0.300 mwaka 1930 ni mtu wa kawaida; mwaka 1968 ni mfalme. Mpiga kura asiyepima zama ataujaza Ukumbi wake wapigaji wa miaka ya 1930 na kuwaacha nje wa miaka ya 1960.

Kabla hujailaumu kompyuta kwa hilo, angalia binadamu walifanya nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kamati ya Wakongwe ilikuwa na Frankie Frisch na Bill Terry, nyota wa enzi ileile ya mapigo mengi. Waliochaguliwa kati ya 1970 na 1973 ni pamoja na Jesse Haines, Dave Bancroft, Chick Hafey, Ross Youngs na George Kelly, na wote walikuwa wamewahi kucheza nao Giants au Cardinals. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mwigo haujawahi kumchagua mtu kwa sababu alikuwa rafiki yake.

Mlango wa chini

Watu hutazama asilimia 75 kwa sababu ndipo furaha ilipo. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi macho yangu yako kwenye asilimia 5.

Tuseme mchezaji anaungwa mkono na asilimia 73 ya wapiga kura 400, na kila mmoja anaamua kivyake. Mwaka mmoja ana nafasi kama mbili kati ya kumi za kuvuka 75 kwa bahati tu. Inaonekana ndogo. Lakini ana miaka kumi ya kujaribu. Zidisha, na utakuta kwamba zaidi ya mara nane kati ya kumi atakuwa ameingia mahali fulani njiani. Katika maisha halisi kura za mwaka mmoja hufuata za mwaka uliotangulia, kwa hiyo hesabu si safi hivyo, ila mwelekeo ni huohuo: aliye karibu na mlango wa juu husubiri, kisha huingia. Craig Biggio alikosa kwa kura mbili tu mwaka 2014, 427 kati ya 571. Mwaka uliofuata aliingia. Maumivu makubwa ni ya yule ambaye kura mbili zinampungukia mwaka wa mwisho. Nellie Fox alipata 295 kati ya 395 mwaka 1985, asilimia 74.7, na karatasi yake ikafungwa. Kamati ilimchukua 1997, naye alikuwa amefariki tangu 1975.

Mlango wa chini hauna mwaka ujao. Lou Whitaker alilinda kituo cha pili cha Detroit misimu 19, akapata mapigo 2,369 na homurani 244. Mwaka 2001 waandishi 15 kati ya 515 waliandika jina lake, asilimia 2.9, na habari yake ikaishia hapo. Alan Trammell, aliyecheza ubavuni mwake karibu maisha yote, alivuka mlango huo, akadumu kwenye karatasi, na 2018 akawekwa Ukumbini. Ukiwaweka bega kwa bega huoni sababu ya mmoja kupata bango la shaba na mwingine kupata miezi michache. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Whitaker hakupewa hata muda wa kujadiliwa.

Na kinachoamua nani atumbukie chini ya asilimia 5 mara nyingi ni msongamano. Nafasi ni kumi. Mwaka 2013 karatasi ilijaa majina makubwa, ikiwa ni pamoja na Barry Bonds na Roger Clemens waliokuwa wakitajwa katika mambo ya dawa za kuongeza nguvu; waandishi waligawanyika, hakuna hata mmoja aliyefika 75, na Kenny Lofton akafutwa kwa asilimia 3.2. Msongamano huohuo ndio uliomkwaza Cy Young. Kura ya 1936 iliwachagua Ty Cobb kwa 222 kati ya 226, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Young, mwenye ushindi 511 ambao hakuna atakayeufikia, alipata 111. Wapiga kura walikuwa na historia nzima ya kuchagua kwa siku moja, na hawakuwa na hakika kama yeye ni wa karne ya 19 au ya 20. Aliingia 1937.

Hapo ndipo mwigo unapokuwa na maajabu yake makubwa zaidi. Ukianzisha ligi 1901, wastaafu wa kwanza wanapiga hodi kwenye karatasi isiyo na watu. Mtu wa wastani anapita kwa sababu hakuna wa kulinganishwa naye. Miaka ishirini baadaye wanastaafu magwiji saba kwa pamoja, na mchezaji bora kuliko yule wa mwanzo anafutwa mara ya kwanza. Wa kwanza hakuwa mzuri kumzidi wa pili. Alizaliwa mapema. Unaweza kuondoa kanuni ya asilimia 5 katika ligi yako, na mimi huiondoa kila mara. Orodha ya mwisho inabadilika zaidi kuliko ukishusha kizingiti cha juu.

Yale ambayo namba hazisemi

Cooperstown huwataka wapiga kura wapime uadilifu na tabia pamoja na uwezo wa kucheza. Ndiyo sababu Bonds, mwenye homurani 762, nyingi kuliko za mtu yeyote, aliishia asilimia 66 katika mwaka wake wa mwisho, 2022. Pete Rose naye, mwenye mapigo 4,256, alifungiwa 1989 kwa kucheza kamari na hakuwahi kuwekwa kwenye karatasi ya waandishi, na Joe Jackson alifukuzwa 1921 baada ya kashfa ya rushwa katika World Series ya 1919. Katika mwigo hakuna aliyepokea bahasha wala kumeza kidonge. Wote watatu wanapita, na anayeuliza kwa nini anapaswa kwanza kujiuliza kama kosa hilo limetendeka katika ligi yake.

Kuna kosa jingine ambalo halikuwa la mchezaji. Kwa zaidi ya miaka hamsini wachezaji weusi walizuiwa kucheza Ligi Kuu. Walikuwa na ligi zao, magwiji wao na umati wao, na daftari zao zilitunzwa kwa shida kwa sababu waliokuwa na magazeti makubwa hawakutaka kuzijua. Jackie Robinson alivunja ukuta huo tarehe 15 Aprili 1947. Ted Williams aliposimama Cooperstown 1966 kupokea heshima yake, alitumia hotuba hiyo kuwaombea nafasi Satchel Paige na Josh Gibson. Paige aliingia 1971, Gibson 1972. Desemba 2020 Ligi Kuu ilizitambua Ligi za Weusi kuwa ligi kuu kamili, na 2024 takwimu zao zikaingizwa kwenye daftari rasmi: Gibson, kwa wastani wa 0.372, akampita Ty Cobb aliyekuwa juu kwa karibu karne nzima.

Anayeendesha mwigo anaweza kuufungua mlango huo mwaka wowote. Nikiwa na mamlaka juu ya ligi, naufungua siku ya kwanza. Matokeo ya kura hubadilika kuliko kwa mpangilio mwingine wowote ninaoujua. Nafasi za kucheza ni zilezile, timu ni zilezile, kwa hiyo kila gwiji wa Ligi za Weusi kama Oscar Charleston anayeingia uwanjani anamtoa mtu. Warushaji wa miaka ya 1920 na 1930 wanakutana na wapigaji ambao hawakuwahi kukutana nao, na ushindi wao unapungua. Baadhi ya majina ya shaba ya Cooperstown hayafiki hata kwenye karatasi ya kura. Majina hayo hayakupungukiwa na kipaji katika mwigo huu. Yalicheza dhidi ya kila mtu.

Josh Gibson alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35, karibu miezi mitatu kabla ya siku ile ya Robinson. Programu haina habari hiyo. Aprili ya 1947 katika ligi ya kubuni bado ana miaka 35, magoti ya mdakaji yanamsumbua, kocha anampangia siku mbili za mapumziko kwa wiki, na jina lake liko nafasi ya nne kwenye orodha ya wapigaji wa leo.